Mhanga na Tuzo ya Mahudhurio

Palikuwa na bonde ambalo ukungu wake haukuondoka, na humo wanyama watu wazima walikuwa na darasa lao la Jumapili. Kila Mwalimu Korongo alipoita jina la Mhanga, aliyekuwa ameumia mguu na kubaki shimoni mwake, Kanga mwenye sauti kubwa aliitikia, "Yupo nasi katika maombi!" Darasa likasema amina, na Korongo akaandika kwamba yupo.

"Nani atakwenda kumtazama?" aliuliza Korongo.

"Mwalimu, wengine tumeitwa kuomba, si kutembea," alijibu Kanga.

"Na njia ina umande," alisema Pimbi, huku akisinzia.

Mwaka ulipokwisha daftari lilifunguliwa, ikaonekana kwamba Mhanga peke yake hakukosa hata Jumapili moja. Tuzo ikawa yake. Kanga, mpenda sherehe, aliliongoza darasa likiimba, wakapita ukunguni kama watembeao usingizini, hadi shimoni.

Mhanga alikuwa amelala, mguu umevimba, midomo imekauka. Kanga akainua tuzo.

"Ndugu yetu mpendwa, wewe usiyekosa kamwe…"

"Dada Kanga," Mhanga alimkatiza taratibu, "kila Jumapili niliwasikia mkiimba, nikadhani mnakuja. Je, mna maji?"

Hapakuwa na aliyebeba maji. Kanga aliiweka tuzo chini, akachukua kibuyu kitupu cha mwenyeji wake, akashuka mtoni akikimbia, na bonde zima halikusikia sauti yake.