Nyayo za Bi Tunu

Siku hizi nyumba hazina funguo. Mlango humjua mtu kwa nyayo zake, ukafunguka na kumtaja jina ili walio ndani wajue nani kaingia.

Tangu nianze dawa ya kifafa sijaanguka hata mara moja, lakini sasa mikono inanitetemeka na hatua zangu zimekuwa fupi, za kuburura. Jana nilipofika, mlango ukafunguka na kusema, "Bi Tunu amerudi."

Bi Tunu ni marehemu mama yangu. Alifariki akiwa na ugonjwa wa kutetemeka, na nyayo zake hatukuzifuta kwenye kumbukumbu ya mlango.

Nilimkuta baba ameshamimina vikombe viwili vya chai, kimoja bila sukari, kama alivyopenda mama.

"Ni dawa tu, baba," nikamwambia. "Daktari ameniandikia nyingine. Mwendo wangu utarudi."

"Hiyo nyingine itazuia kifafa?"

"Anasema tujaribu tuone."

Akanisogezea kile kisicho na sukari. Maisha yangu yote ameniita mama, kama akina baba wa kwetu wanavyowaita binti zao.

"Basi usiifanyie haraka," akasema. "Kunywa chai, Tunu."