Mistari Kumi na Moja

Balqis aliruka mistari kumi na moja, kisha akaendelea kusoma kwa sauti ileile, akigeuza Kiingereza kuwa Kiswahili sentensi baada ya sentensi.

"'Tulizunguka vilima vile wiki nzima,'" alisoma. "'Tarmo hakuonekana tena.'"

Bibi Shariffa alifumbua macho. Yalikuwa yamefifia kwa mtoto wa jicho, lakini masikio yake yalikuwa mazima.

"Na dukani?"

"Dukani wapi, Bibi?"

"Dukani kwetu! Mzungu kaja na bunduki na askari watatu. Nilikuwepo. Hajaandika?"

Balqis alifunika ukurasa kwa kiganja, ingawa bibi yake hakuweza kuuona.

Kitabu kilikuwa cha mlowezi mmoja Mwingereza, aliyefungua shamba la kahawa kwenye vilima vya Mbulu, Tanganyika, miaka ya thelathini. Mjomba wake Balqis alikiokota London, kwenye duka la vitabu vikuukuu. Bibi, mzaliwa wa Unguja, alikuwa ameolewa hukohuko bara na Sleiman, Mwarabu mwenye duka chini ya shamba lile. Sasa, katika nyumba ya familia mtaani Ansab, Uarabuni, huu ulikuwa mchana wa nne anasomewa. Alisikiliza habari za simba waliokula maksai na mvua ya mawe iliyoangamiza miche. Mlowezi alipoandika kwamba alijenga nyumba kwa mikono yake, Bibi aliguna. "Muongo. Kajengewa."

Kisha ikaja habari ya Tarmo, kibarua aliyempokonya mlowezi kiboko mbele ya watu wote na kukitupa motoni. Mlowezi aliapa kumpiga risasi kama fisi.

Ni baada ya hapo ndipo ilipokuja ile mistari.

"Soma," alisema Bibi.

"Ukurasa umechanika."

Bibi alinyoosha mkono, akausogeza kando mkono wa Balqis, akapitisha kidole kwenye karatasi kutoka juu mpaka chini.

"Mzima huu."

Asubuhi ile mama yake, Mahfoudha, alimwonya kabla ya kwenda kazini: daktari amesema Bibi asishtuliwe kabisa, na akishikwa na kifua, kidonge kiwekwe chini ya ulimi upesi. Na katika ukoo mzima hapakuwa na asiyejua kwamba Bibi alimwapisha Sleiman juu ya Msahafu, kabla ya ndoa, kuwa hatamwolea mwanamke mwingine. Sleiman alikuwa amefariki miaka kumi na miwili iliyopita. Bado hapakupita arusi bila Bibi kuwatambia wenzake: "Mimi sijaletewa mke mwenza, hata kwa mzaha."

"Bibi, tupumzike. Nikutilie kahawa?"

"Nnakuuliza kitabu, wewe unanipa kahawa! Soma, mwanangu. Nimengoja miaka sitini kujua mtu yule kaona nini."

"Pengine hakuona sawasawa."

"Basi na tusikie."

Balqis alikitafuta kidonge mezani, akakishika kwenye kiganja cha kushoto. Kisha akasoma, polepole, akitamani kila neno limfie mdomoni.

"'Mwarabu alinikaribisha kwa adabu. Askari walipekua duka, ghala na banda la punda. Kwenye mlango wa ndani walikaa wake zake wawili, wamejifunika buibui gubigubi, wanachagua mchele. Mke mdogo alikuwa mfupi, na hakukoma kunitazama. Mke mkubwa alikuwa mrefu, mwenye haya nyingi mno. Aliinamia ungo wake na hakuinua uso hata mara moja. Mwarabu alisema mwanamke huyo ni mgonjwa, na hasemi na watu. Mimi ni muungwana. Niliwaamuru askari wasiwasogelee wanawake wa mtu, nikaaga.'"

Kiyoyozi kilinguruma dirishani.

Bibi aliweka mkono kifuani. Mabega yakaanza kumtetemeka, kwanza kidogo, kisha mwili mzima. Pumzi zikamkatika, na machozi yakamtiririka hadi kwenye mto.

"Bibi! Nisamehe, Bibi. Fungua mdomo!" Balqis alipiga magoti, akakisogeza kidonge. "Kaandika uongo, Wallahi. Babu hakuvunja kiapo!"

Bibi aliusukuma mkono wake. Ilichukua muda mpaka Balqis akatambua kwamba kile alichokuwa akikisikia kilikuwa kicheko.

"Hakuvunja," alisema Bibi, akijifuta macho kwa ncha ya mtandio. "Siku tisa, mwanangu. Siku tisa, kila alfajiri, babu yako akimnyoa mke mwenzangu ndevu."