Zimwi la Kwenye Sufuria

Filamu ikishatoka, kitabu chake hukusanywa mtaa kwa mtaa kikasagwe, na kila mtu lazima akaitazame filamu. Ndiyo sheria. Jirani yangu Mwanakombo haoni ubaya wowote.

"Filamu tamu kuliko kitabu, shoga. Unang'ang'ania nini?"

Nang'ang'ania Zimwi. Kwenye filamu ni kijana mtanashati, anaongea kama mtangazaji wa redio. Kwenye kitabu ni zee la kutisha, na marehemu mume wangu, Sefu, akilisoma alikuwa anatumbukiza uso kwenye sufuria ili sauti ingurume. Binti yetu Raya alikuwa bado mchanga. Mimi nilicheka mpaka machozi yakanitoka.

Kitabu chake nilikificha kwenye ndoo ya unga. Jana jioni Raya akaniambia, "Mama, nisomee kama baba." Nikafunga madirisha, nikachukua sufuria ileile, nikaiinamia.

"Nani amekanyaga mlima wangu?"

Sauti ikatoka laini, kila neno kama limepigwa pasi. Ilikuwa sauti ya yule kijana wa kwenye filamu. Nikarudia. Ikawa ileile. Nikafumba macho nimtafute Sefu, nikamwona mwigizaji ameinamia sufuria yetu.

"Baba alikuwa anasoma hivyo?" Raya akauliza.

"Hivyohivyo, mwanangu."

Leo asubuhi gari la kukusanya vitabu limepita bila kusimama kwetu. Nikalikimbilia mwenyewe, kitabu mkononi, bado kina unga.