Spika ya Kushoto

Muziki wote ulikuwa ukitoka upande wa kulia. Bi Mashavu alichomoa waya wa spika ya kushoto, akazifuta ncha zake kwa upindo wa kanga, akachomeka tena. Miaka ishirini na miwili hakugusa santuri, watoto kwanza. Leo ameviteremsha vyombo vyake kutoka juu ya kabati, na kushoto kimya.

“Hii imekufa.”

“Mama, mbona zinalia zote?” alishangaa bintiye, Sikudhani.

“Usinichezee, we mtoto.”

Akazibadilisha mahali, akarudi kitini. Ile iliyokufa sasa ilikuwa ikiimba kulia, safi kabisa, na ile nzima imenyamaza kushoto. Ubovu gani huu, spika zinahama lakini wenyewe haubanduki?

“Hebu kaa wewe usikilize.”

Sikudhani akakaa, mabega yakaanza kucheza. “Zote, mama. Wallahi.”

Bi Mashavu alikigeuza kiti, akakaa akizipa spika mgongo. Muziki ukahamia kwenye spika ya pili, lakini kwake ulikuwa bado kulia. Akafunika sikio la kushoto kwa kiganja. Wimbo haukupungua. Akakiondoa, wala haukuongezeka.

“Nizime, mama?”

“Usizime, mwanangu,” alisema, kiganja kimerudi sikioni.