Toa Mkono Mfukoni

"Baba, toa mkono mfukoni," Wahome alisema kwa mara ya tano.

Mzee Mburu hakuutoa. Alisimama mbele ya zizi tupu, koti lake la kanisani limefungwa vifungo vyote, mkono wa kulia umezama mfukoni kama mtu aliyebeba yai.

Ilikuwa mwaka wa 2003, Kitengela, na filamu ya Wahome ilikuwa imebakisha tukio moja. Kijana aliyeuza punda wa familia anarudi nyumbani na kupiga magoti. Baba yake anasema, "Nimekusamehe. Rudi nyumbani." Basi. Kamera ilikuwa ya rafiki yake Sahal, mpiga video za harusi, na Sahal aliitaka saa sita, kabla bibi harusi mmoja wa Ngong hajatoka saluni.

Mtaa mzima ulijua huyo punda alitoka wapi. Miezi mitatu nyuma Wahome aliuza ng'ombe wa baba yake, Karembo, akalipa karo ya chuo cha filamu huko Nairobi. Chuo kikafunga milango baada ya wiki mbili. Tangu hapo Wahome alilala kwa Sahal, na mzee hakuwa amemsemesha. Hata kuigiza alikubali kwa sababu aliombwa na Jackie, binti yake, ambaye leo ndiye aliyeshika kamera. Asubuhi hiyo Wahome alipopitia jikoni kwa mama kunywa chai, mzee alijifungia chumbani mpaka kijana alipoondoka.

"Hii taa nyekundu inakonyeza," Jackie alisema.

"Hiyo ni sawa. Inaonyesha iko kazini."

Wahome akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Niliuza punda."

Mzee alifikiri kidogo. "Alikuwa anatoa maziwa?"

Wahome akasimamisha kazi. Akamweleza kwa upole kwamba punda hakamwi, na kwamba maneno yake yako kwenye karatasi. Mzee akajibu kwamba karatasi ameisoma yote, ila hakuona mahali inaposema mama ya huyo kijana amekunywa strungi, chai isiyo na maziwa, kwa miezi mingapi.

Mara ya saba, jirani yao Lesiamon alipita katikati na mbuzi wake. Alisalimia kila mtu, kisha akaisalimia kamera kwa Kimaasai, "Supa", na kusubiri ijibu. Mara ya nane, mzee alitaka kujua punda alikuwa anaitwa nani.

Mkono bado ulikuwa mfukoni. Ilikuwa saa sita kasorobo.

Mara ya tisa, Wahome alipiga magoti, akafungua mdomo, na maneno ya karatasi hayakutoka. Alitazama zizi.

"Hakuwa punda," alisema. "Alikuwa Karembo. Nilimtoa hapa mkiwa kanisani. Hata sikumvuta, Baba. Alinifuata tu, kwa sababu alinijua."

Mzee akakohoa. Akamtazama mwanawe kwa muda mrefu kuliko filamu yoyote inavyoweza kuvumilia.

"Nimekusamehe," akasema. "Rudi nyumbani. Mama yako ameanza kulaza kuku kwa kitanda chako."

Jackie alikuwa analia hadi kamera inatikisika. Wahome alifuta pua kwa ile karatasi ya maneno, akainuka, akapangusa vumbi magotini.

"Hiyo ndiyo, Baba. Hiyo haihitaji kurudiwa."

"Tutarudia," mzee akasema.

Ndipo akautoa mkono mfukoni. Kiganjani kulikuwa na kanda ya kamera, bado imefungwa kwa nailoni yake ya dukani.

"Uliiacha kwa meza ya mama yako asubuhi. Hiyo ya kwanza ilikuwa yetu. Weka sasa, tufanye ile ya watu."