Unga wa Ua la Swafia

Asubuhi gamba jekundu la mgomba wangu wa mapambo lilifunuka, na safu ya mwisho ya maua ya kike ikatokea, inanata kama asali. Ikifika saa sita yatakuwa yamekauka. Miaka miwili nimengoja mbegu.

Ua la kiume liko kwa Swafia, jirani yangu. Hatusalimiani tangu kuku wake apotee. Nilikwenda kwenye fensi, nikarudi, nikaenda tena. Mara ya nne nikapita, na brashi ya kubebea chavua.

"Umeniletea kuku?"

"Naomba unga wa ua lako. Yangu hayangojangi. Mbegu tutagawana."

Alitazama brashi yangu, kisha ua, lililokuwa juu kuliko mkono wangu ulivyoweza kufika. Akaingia ndani.

Akatoka na kigoda, akakishika kwa mikono miwili.

"Panda, mwizi wa kuku."