Sala ya Pimbi

Walikuwapo Pimbi wa mawe, si perere wa mitini. Nyani, msomaji wa mifupa ya viumbe wa kale. Na Tembo, mzee mgonjwa.

"Mifupa inasema wewe na Tembo mna babu mmoja," Nyani alimcheka Pimbi. "Sala zako sasa utampelekea nani?"

Kila asubuhi Pimbi alimwombea Tembo kwa "Mungu aliyeniumba". Asubuhi hiyo alipofika kwenye "aliyeniumba" aliishia hapo.

"Niombee, mdogo wangu," Tembo alisihi.

"Mzee, aliyeniumba ni nani, kama nimetokana na babu yako?"

"Basi sema 'anayeniumba'. Nani alikuambia amemaliza kazi?"

Nyani aliacha kucheka. "Na mimi mnitaje katika sala," alisema taratibu.

Pimbi aliomba, akimwita Tembo kaka kwa mara ya kwanza.

Tembo alikufa adhuhuri.